Mshono wa Kijani

Nyekundu niliipata kwa Hajati Zamu, soko la Mbale.
Nikamwambia ni ya majoho ya kwaya.
Samawati nikainunua kesho yake, kwingine:
mashuka ya zahanati, nikasema.
Zambarau, Kwaresima.
Manjano sikuulizwa. Mwaka wa kura
nani atamhoji mtu juu ya manjano?
Rangi ya chungwa ilikuwa fulana ya Kuloba, enzi za bodaboda.
Kijani peke yake sikuomba wala kununua:
nilikata sare yangu ya shule,
ile niliyofukuzwa nikiwa nimeivaa.

Cherehani yangu ina kikohozi.
Usiku wa manane ikikohoa jirani hugonga ukuta:
"Fundi Gidudu, harusi gani hii isiyokwisha?"
"Kubwa," namjibu. "Mabibi harusi ni wengi."

Mimi niliwahi kusimama.
Agosti, mwaka wa shufwa, unga usoni,
njuga zimechoka mapajani,
na ukoo mzima umenikodolea jicho
waone kama langu litapepesa.
Halikupepesa. Mjomba akanipa ndama.
"Sasa u mwanamume," wakasema,
wala hawakutaja wa namna gani.
Basi mbona leo, mbele ya kitambaa,
kitambaa nilichokishona mwenyewe,
magoti yanagongana?

Nambozo haamini vitambaa.
Anaamini benchi la zahanati.
Miaka mitatu amelikalia kila Jumanne,
mpaka nesi Khainza akaacha kuuliza
"na wewe ni nani wa mgonjwa?"
akaanza kuuliza "amekula?"
Amekunywa chai ya mwenyekiti wa mtaa, vikombe ishirini,
kabla ya kutamka neno.
Siku alipolitamka mwenyekiti alikoroga sukari
muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.
Lakini hakumfukuza.

Kisha sheria ikapita,
na daftari lake likageuka daftari la magodoro:
nani katolewa chumbani, usiku upi,
godoro limelala wapi, limehamia wapi,
godoro la Kuloba mara tano, la nne likiwa limelowa.
Ndipo siku moja, anamenya viazi, akasema bila kuinua kichwa:
"Fundi. Shona.
Nimechoka kuhesabu magodoro."

Kumi na tisa waliahidi.
Tulikuja wanne.
Wanale ilikuwa imejifunika wingu kama mtu asiyetaka kuulizwa.
Wanne hawaandamani,
wanne ni watu wanaongoja chapati.
Basi tukaitundika kwenye kamba ya nguo,
kati ya mashuka ya mwenye nyumba,
ikitazama barabara ya Kumi,
nasi tukasimama chini yake kama vibanio.

Bodaboda akapiga honi; ya nini, sijui mpaka leo.
Mzee mmoja alitema mate, kwa adabu, upande wa pili.
Mtoto akazisoma rangi kwa sauti,
akakosea samawati, akarudia.
Na msichana wa sare, begi begani, akapita.
Akarudi kama aliyesahau kitu.
Akapita tena, polepole,
macho chini, ila polepole.
Kwa yule mmoja, Nambozo akasema,
ningekunywa vikombe ishirini vingine.

Mvua ikatushukia bila hodi. Tukakimbia.
Kitambaa tukakiacha. Ndiyo, tulikiacha,
hata mimi niliyesimamia kisu.

Jioni mlango ukagongwa.
Mama Mutonyi, mwenye nyumba,
na kitambaa mkononi, kimekauka,
kimekunjwa mara nne pamoja na mashuka yake.
Nilingoja neno. Nililijua neno.
Nilishaanza kulitazama godoro langu.

"Fundi."
"Naam."
"Mshono wa kijani umefumuka."
Akanikabidhi. Akageuka.
Kwenye ngazi akakumbuka:
"Na kodi ni tarehe tano, usinizungushe."

Nikawasha taa, nikatunga uzi.
Jirani akagonga ukuta.