Mzigo Usiodaiwa

Ulishuka Tabora kwa treni ya Kigoma
saa tisa usiku, ndani ya kopo la rangi,
majani manne, na kipande cha boksi shingoni kwa katani:
Bi. Siwema Kasanda, Ng'ambo. Usilazwe.
Basi. Mtumaji hakujiandika.

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa vifurushi.
Sheria ni siku saba, nikampa kumi na nne.
Nikauliza Ng'ambo nyumba kwa nyumba,
nikaonyeshwa akina Siwema wawili, mmoja mkunga,
mmoja bado ananyonya. Hakuna wa Kasanda.
Siku ya kumi na tano nikaufunga kwenye baiskeli
hadi Cheyo, nikikwepa taa, kama mtu aliyeiba mtoto.

Hauna jina. Bwana misitu alilikunja jani lake,
akalinusa, akafungua kitabu, akakifunga.
"Huu si wa miombo. Huu ni wa mlima wenye ukungu.
Uweke nje mwezi wa saba uone."
Ndiyo maana unakaa chumba cha mbele,
dirisha la mashariki, mahali pa redio.

Nimejifunza tabia zake kama za mkwe.
Hautaki maji ya bomba ya siku ileile;
yalale kwanza kwenye ndoo, yasahau dawa.
Hautaki upepo wa mlangoni.
Udongo nauchanganya mwenyewe:
mboji ya chini ya mninga, pumba za mpunga,
mchanga wa mto ulioshwa mara tatu,
hapana, nne; mara ya tatu maji bado ni chai.
Kila Ijumaa naugeuza robo,
la sivyo unaliinamia jua kama kiziwi na redio.
Vikija vile vidudu vya magamba
nalowesha tumbaku ya Urambo, nachuja,
nafuta jani mojamoja, mbele na mgongoni.
Mwaka jana yalikuwa mia na kumi na mawili.
Nyanzala anasema mgongo wake yeye
haujapata kufutwa hivyo.

Anauita mke mwenza. Lakini kiangazi kile
nilipolazwa Kitete siku tisa kwa presha,
nilirudi nikakuta udongo una unyevu
na majani yanameta, yananukia nazi:
aliyapaka mafuta ya nywele zake, chupa nzima.
Nilitumia juma zima kuyaosha, usiku, kimyakimya.
Sikumwambia kuwa majani hupumua.

Nje miti ilikuwa imevua kila kitu.
Vumbi lilifika hadi ndani ya chumvi.
Chumbani, kijani. Kijani cha ukaidi,
kijani kisichojua kwamba kuna Agosti.
Kuna siku nilikichukia.

Mwaka wa kumi na moja, Oktoba, kabla ya mvua,
tawi la chini lilitoa kitu kama jino la mtoto.
Kikafunguka saa tisa usiku, saa ileile ya treni
(treni yenyewe siku hizi ina saa zake),
ua jeupe, zito, pungufu kidogo ya kiganja,
na harufu, sijui. Ndimu. Nguo mpya.
Na mtu uliyemsahau jina.
Nyanzala alikuja na kanga ya kulalia, akasimama.
"Kumbe alipendwa kweli, huyo Siwema,"
akaipindua ndoo, akaikalia. Hatukuwasha taa.

Asubuhi nyuki walijaa nje, wanagonga kioo.
Jioni ua lilikuwa la kahawia, liko sakafuni.
Nimelilaza katika daftari la vifurushi
nililostaafu nalo bila ruhusa,
kwenye mstari wake: tarehe, kituo,
uzito kilo moja na nusu, sahihi ya mpokeaji.
Kalamu ninayo.
Nyanzala ameiinua ndoo, anauliza
haya maji yamelala, au bado?