Vigusane, Visipandane

Hadubini ni kongwe, ya chuma cha kijani.
Ipo juu ya meza hii ya Newala tangu sijazaliwa,
skrubu yake moja ni ya baiskeli.
Miaka yote imetuonyesha tabaka moja kwa wakati:
zungusha, uuone uso wa jani;
zungusha tena, uione kuvu, na jani limeshapotea.
Kina tulikikisia,
kama mtu anayepima kisima kwa kudondosha kokoto.

Bahasha ilifika mwezi wa saba, mwezi wa ukungu,
ubwiriunga umeshatua kwenye maua ya mikorosho
na mashine za salfa zinakohoa tangu alfajiri.
Ndani yake, kioo kisichozidi ukucha wa dole gumba.
Dada Sikujua (ndilo jina alilopewa na bibi yake)
akakishika kwa kibano, akakielekeza dirishani.
"Jicho la nzi," akasema.
"Vijilenzi elfu kumi, na kila kimoja kina upande wake wa habari."

Kazi ilikuwa kukiweka pale picha ilipozoea kutua,
pale hasa, si unywele mbele, si unywele nyuma,
na kamera isogee nyuma, ikipishe.
Pete ya plastiki iling'aa, ikatawanya mwanga ovyo.
Nikapanda boda hadi kwa Nandonde, mchonga mpingo.
"Pete ya nani?"
"Ya hadubini."
Hakucheka. Aliuliza kipenyo.
Mpingo haurudishi mwanga, unaumeza.
Mara tatu nilirudi kumwomba apunguze
wembamba wa karatasi.

Usiku, jenereta ikinguruma nje,
viduara vikajipanga kwenye kompyuta kama sega.
Vikipandana, mwanga unachanganya habari zake;
vikiachana, nafasi imepotea bure.
Sikujua akawa anabana tundu la lenzi, taratibu,
"vigusane, visipandane,"
kama anayepanga vitumbua kwenye sinia.
Vikagusana saa tano na robo.

Tukapiga picha moja. Hatukuzungusha kitu.
Kompyuta ikasogeza, ikajumlisha, feni ikalalama,
na jani likainuka:
mishipa kule chini, vinyweleo katikati,
na juu kabisa minyororo ya kuvu, imesimama wima
kama wakulima kwenye foleni ya ghala.

Si kali, nisikudanganye.
Ukali tumeutoa, tukapewa pembe;
hakuna muuza kina anayekopesha.
"Jicho limepungua," alisema Sikujua, "mkono umeongezeka,"
na kidole chake kikapita juu ya kioo cha kompyuta
kama kinachopapasa.

Nyumbani ninayo picha ya baba.
Mpiga picha wa Masasi alilenga mkorosho ulio nyuma yake:
majani yanahesabika, uso ni ukungu.
Mwanga wa uso ule uliingia kwenye kamera, nina hakika,
kutoka kila upande,
ukamiminwa pamoja kama nafaka za magunia mawili
na hakuna tena wa kuzitenga.
Siku moja, ofisi ikiwa tupu, niliiweka chini ya hadubini.
Niliona nyuzi za karatasi.

Asubuhi nikanunua ndoo ya maji, bei imepanda,
nikaosha vioo.
Sikujua alikuwa ameshaleta jani jingine,
bado lina umande,
akaniambia nisiguse pete.