Isiyo na Kioo

Hijazi aliiweka juu ya kaunta
kwa mikono miwili, kama anayemlaza mtoto wa watu,
karibu na ule ufa niliouziba kwa gundi
wateja wanapoacha sarafu za fotokopi.

Nilidhani ni pochi.
Ngozi rangi ya halua, pembe za shaba,
vitufe vya kuzungusha vimechongwa namba nyembamba.
"Haina kioo ndani," akasema. "Mwanga unaingia moja kwa moja."
Kidude ambacho bei yake
ni kiwanja cha Kange na tofali za kuanzia msingi.

Habari ilivuka Barabara ya Kumi na Mbili
kabla hajavuta kiti.

Mhina wa mageti alikuja, miwani ya kuchomelea juu ya paji,
akaipima kiganjani, akaigonga kwa ukucha.
"Chuma hiki hakidanganyi. Ila kona zake kali.
Ungenipa ningeipiga msasa."

Mwanashaha wa cherehani hakutaka kujua inapigaje.
Aligeuza mkanda, akahesabu mshono,
akasema uzi huu umepakwa nta,
aliyeshona hapa hakuwa na haraka ya sikukuu.

Shekuwe, ambaye kila Jumamosi yuko ukumbini
na jasho mpaka kwenye soksi,
aliipasua tumbo kwanza.
"Kadi moja? Moja tu?
Siku ikifa, utamwambia bibi harusi arudi kwao, atoke tena?
Na pa kushikia pako wapi? Hii ni ya watu
wanaopiga picha ya kikombe cha kahawa."
Akairudisha. Lakini kidole gumba chake
kilichelewa kidogo kwenye ile ngozi.

Kijana wa vocha akasema simu yake inafanya yote haya
na pesa inapokea.

Bi Mwanajaa akapita na ndoo ya visheti,
akatutazama tulivyoizunguka.
"Inapiga picha hiyo, au inapigwa?"

Mwenye studio hakuulizwa.

Adhuhuri walitawanyika. Hijazi akaenda kuswali,
akaniachia: "Niangalizie."
Nikavuta pazia la bluu, lile la paspoti,
nikaiangalia.

Mimi nimezoea yenye kioo.
Ukibonyeza, kioo kinaruka, paa, kama ukope,
na nukta ile huoni kitu,
unaamini tu kwamba mtu bado yuko mbele yako.
Hii haina ukope.
Sauti yake ni mtu kameza mate chumba cha pili.

Nikatafuta cha kupiga. Sura yangu nisingeipa.
Nikageuka, na mezani palikuwa na ile yangu:
miaka kumi na moja, mkanda wa kuungwa kwa katani,
plasta kwenye mlango wa betri,
rangi imeliwa pale gumba langu linapokaa,
chuma kimetokeza cheupe kama goti la mtoto aliyeanguka.
Ndoa sijui ngapi. Kidato cha nne, miaka yote hiyo.
Maiti mmoja, kwa ombi la mwanawe.
Hakuna aliyewahi kuipiga picha.

Nikaipiga. Mara moja.

Na niseme kweli, maadamu Shekuwe hayupo:
ilikuwa picha nzuri.
Vumbi la kwenye herufi lilionekana chembe kwa chembe
na hapakuwa na aibu yoyote.

Hijazi alirudi, maji ya udhu hayajamkauka miguuni.
"Umeionaje?"
Nilikuwa na maneno mengi, nikachukua dogo.
"Inashika mkono."
Akacheka, akaifuta, akaivisha kifuko chake.
Sikumwambia kwamba humo mna picha moja si yake.
Ataikuta Maskati, siku anatafuta nyingine.

Mlangoni kasimama mvulana wa shule, anataka nne za paspoti,
anauliza zitakuwa tayari kabla ya saa tisa.
Namkalisha. Namnyooshea ukosi.
"Kidevu juu kidogo. Usipepese."
Kioo kikaruka, nikampoteza,
nikampata.

Kafumba macho.
Tunarudia.