Skrubu Nne

Jopo lilikuwa la watu watatu, na jagi la maji
ambalo hakuna aliyeligusa.
Nje, Regina ilizama thelujini hadi kwenye vioo vya magari.
Wakaniuliza: leja hii ni yako? Nikasema ni yangu,
mwandiko ni wangu, miaka kumi na tisa,
na barua ya kwanza kwa Chama niliiandika mimi.

Ukurasa wa themanini na mbili. Fedha za amana
za mjane Halyna Wasylciw, bei ya shamba la ngano:
dola elfu arobaini na moja na mia tatu
zimetoka Ijumaa, zimerudi Machi,
kimyakimya, kama paka aliyelala nje.

"Nilikopa tu," akasema Wakili Hrynkiw. "Nimerudisha zote."
Kweli alirudisha. Nilihesabu mwenyewe.
Lakini amana si mfuko wa koti,
hutii mkono humo kwa kuwa nje kuna baridi.

Hakunitazama. Alitazama mikono yake,
ile iliyolibeba jeneza la baba yangu
upande wa kushoto, kwenye barafu, bila kuteleza.

Jina likafutwa saa nane kasorobo.

Jioni nikarudi ofisini na bisibisi.
Kibao cha shaba, skrubu nne; ya tatu ilishika kutu,
ikanichubua kidole.
Nyuma yake ukuta ulikuwa bado na rangi
ya siku tulipofungua.

Halyna akapiga simu. Fedha hakuzitaja.
Aliuliza: sasa wosia wangu
niupeleke kwa nani?