Ki Nguoni

Darkhan, Januari. Nje ni arobaini chini ya sifuri,
hewa imekauka kama ulimi wa mgonjwa,
na Dulmaa, kabla ya kushika kitasa cha kiwanda,
anakigusa kwanza kwa ncha ya ufunguo.
Tak!
Cheche imeuma chuma, si kidole.
Miaka kumi na tisa ya kazi imemfunza adabu hiyo.

Ndani, mashine ya kuchania inakula manyoya ya mbuzi,
inatema ukungu mweupe usiotaka kulala.
Kila unyoya unamkimbia mwenzake:
yamesuguliwa pamoja, yamenyang'anywa kitu kimoja,
na waliopungukiwa sawasawa hawakaribiani.

Nani kakichukua? Roli za plastiki.
"Hakuna kilichoumbwa hapa," fundi Gombosuren alimwambia
siku ile ya kwanza, akipitisha kitana katika nywele zake chache,
"wala hakuna kilichopotea.
Elektroni zimehama nyumba tu."
Palipopungua tukapaita chanya,
palipozidi tukapaita hasi;
ungeyabadilisha majina, mbuzi asingejua.

Kisha akakisogeza kitana kwenye vipande vya gazeti.
Karatasi haidai, haidaiwi,
lakini iliruka ikang'ang'ania.
"Mbona hii, isiyo na ugomvi na mtu?"
"Imevurugwa ndani. Upande unaochukiwa umerudi nyuma,
unaopendwa umesogea mbele.
Aliye karibu ndiye hushinda."

Mwisho wa ukumbi huo huo, penye mizani,
Purevjav anapima marobota.
Ni kaka yake. Baridi mbili hawajasemeshana,
tangu mazishi ya baba na habari ya lile tandiko la farasi.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Lakini hapa ardhi ni jiwe mpaka Mei,
na wote wawili wamevaa buti za soli ya mpira:
chochote kilichowajaa hakina pa kushukia.

Leo mashine ya mvuke imekufa.
Unyevu ndio ulikuwa unailainisha chaji,
ukiiiba kidogokidogo bila kelele.
Sasa manyoya yanapanda kuta, yanavaa taa,
yanaziba pua za watu. Simamisha!
Dulmaa yuko chini ya roli, anatafuta waya wa ardhi uliokatika,
anayoosha mkono nyuma bila kutazama:
"Spana."

Aliyeileta ni yeye.
Kabla chuma hakijafika, vidole vilifika.
Samawati, ndefu kama punje ya mchele.

"Umenipiga!"
"Wewe ndiye uliyeanza!"

Nani alikuwa na ziada, nani na upungufu?
Cheche haitoi risiti. Iliwauma wote wawili.

Wakafunga waya wa shaba kwenye bomba linaloingia ardhini,
yeye akishika, yeye akikaza,
na ule ukungu, polepole, ukakumbuka uzito wake.
Purevjav akafuta mikono kwenye suruali.
"Tandiko," akasema, kama anayeuliza bei ya chumvi,
"bado linanuka moshi?"
Dulmaa alijifanya anahesabu skrubu.

Usiku, taa imezimwa, anavua sweta kichwani.
Inapasuka vinyota, inamng'ata masikio.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Anasimama na nywele wima, mkono mmoja bado ndani ya shati,
na kuliambia giza, kwa sauti:
linanuka.