Kabla ya Skrubu ya Kwanza

Tumekatazwa kugusa bisibisi.
Mwalimu Shelukindo kafunga kabati, ufunguo kautia soksini.
Basi tunachora uwanja kwa chokaa ya Pongwe
juu ya sakafu ya karakana, Chumbageni;
kamba ya mkonge ndiyo mpaka,
vifuniko vya soda ndivyo mipira.

Leo roboti ni Hizza.
Mkono mmoja nyuma, magoti nusu,
haruhusiwi kufikiri: atende alichoandikiwa.
Mwanakombo ana saa. Mimi nina daftari.

Raundi ya nne, dakika mbili.
Anapanda kreti, anaweka juu: pointi kumi,
sekunde arobaini na moja.
Tena, kumi.
Safari ya tatu filimbi inamkuta kreti­ni, mkono hewani.

Raundi ya tisa hapandi kabisa.
Anasukuma chini kwa chini, mbili, mbili, mbili
(methali mnaijua, siisemi)
mpaka ishirini na sita.

Ule mkono mrefu niliuchora wiki mbili,
kwa wino wa bluu.
Nikaupa hata jina.

Naupiga mstari. Rula inateleza.

Hizza, jasho mgongoni, anauliza:
"Sasa naruhusiwa kufikiri?"
Mwanakombo anarudisha saa kwenye sifuri.