Ukurasa wa 214

Miaka ishirini na sita nimeketi chini ya kiti cha spika,
vidole vikikimbizana na midomo ya wakubwa.
Sikulipwa kuelewa. Nililipwa kuandika.

Secundino Cabal aliingia Bunge la Mkoa, hapa Oviedo,
siku ya mvua, ndani ya koti la kuazima
lililomfunika mikono hadi kucha.
Baba yake, na baba wa baba yake, walichimba makaa
katika mgodi wa Santa Bríxida.
Yeye alikata tiketi kwenye treni ya bondeni,
akawa katibu wa chama cha wafanyakazi,
akawa diwani,
akawa meya kwa kura kumi na moja,
na mbili kati ya hizo, alipenda kusema,
zilikuwa za wajane waliokosea sanduku.

Hotuba yake ya kwanza ilihusu choo.
Naam, choo cha stesheni, kilichofungwa miaka mitatu.
Wabunge wakacheka. Nikaandika: Kicheko.
Choo kilifunguliwa kabla ya Pasaka.
Tangu hapo nikawa namwandika kwa makini.

Alipanda. Nani asiyepanda akishikiwa ngazi?
Kamati ya barabara, kisha uwaziri wa ujenzi wa mkoa.
Alinenepa kidogo, kama wote.
Alijifunza kusema "tutalitazama" mahali pa "sijui",
na "mchakato" mahali pa "hapana".
Alikata utepe wa daraja lisilo na barabara upande wa pili.
Barabara ilifika baada ya miaka sita. Hiyo nayo nimeiandika.

Ila kila Jumatatu alinijia, kofia mkononi:
"Bi Ludivina, nilisema vipi, bonde letu au bonde lile?"
Nikamwonyesha.
Akaenda zake bila neno.

Kisha ikaja Novemba ya Santa Bríxida.
Madrid walikuwa wamefunga mfuko, Brussels wameweka tarehe,
mkoa ukabakiziwa kuitikia amina.
Nje, uwanjani, wachimbaji walipigiza helmeti kwenye mawe,
na Avelino, kaka yake, alikuwa mstari wa mbele.
Ndani, spika akaita majina kwa alfabeti.
"Cabal, Secundino."

Vidole vyangu vikasimama.
Alitazama dirisha. Akatazama viganja vyake,
ambavyo makaa hayakuwahi kuvipaka.
Saa ya ukutani ilikwenda sekunde kumi na tisa;
najua, nilihesabu nayo.
Kisha akasema ndiyo,
kwa sauti ya mtu aliyegongewa mlango usiku wa manane.

Kwenye kumbukumbu rasmi imekaa hivi:
Cabal, Secundino: Ndiyo.
Ukarani hauna alama ya sekunde kumi na tisa.

Bonde halikumzomea. Heri lingemzomea.
Uchaguzi uliofuata alipata kura mia mbili na nne.
Baa walimjazia glasi ya mvinyo wa tufaha,
hakuna aliyeigonga.
Mama yao, Oliva, aliendelea kupika maharagwe kila Jumapili.
Secundino alikula mezani,
Avelino jikoni, kwa kusimama.

Jana amekuja hifadhini.
Amekonda; koti linampwaya tena, ingawa safari hii ni lake.
Akaomba ukurasa wa 214.
Akausoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza,
akaugeuza, akatazama nyuma yake, akaugeuza tena.

"Nilisita," alisema,
sikujua kama ananiuliza au ananieleza.
"Avelino amelazwa. Mapafu. Daktari hasemi wiki ngapi.
Nilitaka nimwonyeshe."

Penseli ilikuwa pale, kati yetu.
Nikamwambia, karatasi hii imesainiwa na kupigwa mhuri,
haiongezwi hata nukta.
Akaikunja miwani yake polepole.
"Basi njoo wewe," akasema.

Nikaanza kutafuta mwavuli.